Wa Tunduma Husubiriana Mlimani

Walisema mwendesha baiskeli wa Tunduma anajua kumkimbia mgambo tu, mashindano hayawezi. Walisema mtu aliyezoea gunia la sukari nyuma yake, ukimwondolea gunia ataanguka puani. Na Haji Mrisho, mwenye malori, alisema mbele ya watu kwamba mimi nitauza spana zangu moja moja mpaka ibaki ile ya kufungulia sanduku, halafu nitavuka mpaka kurudi nilikotoka.

Nimestaafu sasa. Spana zote ninazo.

Vijana mliochukua timu mmeniomba niwaandikie yale niliyoyaona kazini, na nilikuwa naahirisha mpaka mwezi uliopita niliposikia mtangazaji wa redio akieleza mbio za huko Kaskazini. Alishinda kijana asiyejulikana, na mtangazaji akasema, "Leo bahati imemwangukia." Nilizima redio kwa nguvu hata kitufe kikabaki mkononi. Kitufe nilikirudisha, hilo ni jambo dogo kwa mtu mwenye stashahada ya ufundi mitambo. Hasira ndiyo haijarudi mahali pake.

Hakuna mshindi wa ghafla katika mbio za baiskeli. Kuna mshindi ambaye hukumtazama. Nitawaeleza jinsi nilivyolijua hilo, na nitaanza mbali kidogo, kwa sababu nyie mnapenda kuanzia kwenye utepe wa kumalizia.

Nilizaliwa Isansa, kwenye kahawa. Nilivuka kwenda Zambia nikiwa na shati moja, nikapata kazi ya kufagia karakana ya mgodi huko Copperbelt. Kutoka kufagia nikapanda mpaka kushika mashine, na kutoka mashine mpaka chuo, na chuoni nikatoka na stashahada. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Mshahara sitautaja, haukunifundisha kitu.

Aliyenifundisha ni Ba Mulenga, fundi mfupi wa Kibemba, mwenye masikio makubwa. Mgodi ulikuwa na klabu ya baiskeli, na yeye ndiye aliyetunza magurudumu yao. Siku yangu ya kwanza kwake alinipa gurudumu na kunikataza kulitazama. "Ligonge," alisema. Nikagonga spoku kwa ncha ya bisibisi, moja baada ya nyingine. Iliyolegea ilitoa sauti ya chini, iliyokaza ilitoa ya juu. Nilikaa na gurudumu hilo mpaka likaimba sauti moja lote. Ndipo akaniruhusu kulizungusha, na lilizunguka kama maji yanavyozunguka kwenye karai. Hata leo mkiniletea rimu iliyopinda sihitaji miwani.

Jambo la pili alilonifundisha ni upepo. Ba Mulenga alisema mwenye miguu mizuri ni adui yako wa pili, upepo ndio wa kwanza. Anayetangulia anaupasua kwa kifua chake. Aliye nyuma yake, akikaa karibu kiasi cha kusoma maandishi ya tairi la mwenzake, anasafiri kwa nusu ya jasho. Upepo ukitoka ubavuni, msipange mstari. Pangeni mshazari, kila mmoja ajifiche begani mwa mwenzake upande wa pili wa upepo. Mbio nzima ni kubishana nani atapigwa na upepo na nani atajificha. Miguu inakuja kujibu swali hilo mwishoni tu, na mara nyingi jibu linakuwa limeshatolewa.

Nilirudi miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na Tunduma ikaanza kuvimba. Nilirudi na sanduku la spana na baiskeli moja ya mashindano, nikafungua karakana kando ya yadi ya Haji Mrisho. Huyu Haji alitoka Kondoa, alikuja na lori moja bovu, akawa na mengi mazima. Alikuwa mtu wa sala tano na mdomo mkali. Jina la "Diploma" alinipa yeye, na halikuwa la sifa.

Wateja wangu walikuwa wabebaji. Ninyi mmewakuta wachache, lakini wakati ule barabara ilikuwa yao. Walivuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, na kurudi na sukari, mafuta ya kula, sabuni, kisha wakapeleka mzigo Mpemba, Vwawa, mpaka Mlowo. Nilipowaona kwa mara ya kwanza wakiwa safarini niliweka spana chini. Walikwenda kwa msafara. Aliyetangulia hakuwa na mzigo. Kazi yake ilikuwa kutazama kama njia ina mgambo, na wakati huohuo alikuwa akiwapasulia wenzake upepo. Akichoka, mwingine alipita mbele. Upepo ukitoka pembeni walijipanga mshazari bila kuambiwa na mtu. Yale ambayo klabu ya mgodi ilijifunza kwa msimu mzima, hawa waliyafanya na gunia nyuma na sigara mdomoni. Walichokosa ni mtu mwenye stashahada.

Nikawapata wanne. Wa kwanza alikuwa Siame, mrefu, mkimya, mwenye mapaja kama magogo ya mkaratusi. Wa pili Sichone, mcheshi, ambaye hakuwa na mbio lakini alikuwa hachoki. Wawili wengine walikuja na kuondoka miaka ilivyokwenda, sitawachosha kwa majina.

Tatizo lilikuwa baiskeli. Mbebaji akinipa baiskeli yake niivue mizigo, nyumbani kwake watakula nini? Ikabidi nikope. Nilikopa kwa watu walewale waliosema sitaweza, na nawashauri mfanye hivyo, kwa sababu mtu anayekudharau hatakubali ufe kabla hajashuhudia. Mama Nzunda wa Isansa alinikopesha baiskeli ya marehemu mumewe, iliyokuwa ikipeleka kahawa mnadani. Majirani zake wakanikopesha tatu nyingine, nzito, za Kichina. Haji akanipa pikapu na dereva kwa siku za mashindano. "Nakukopesha," alisema, "ili niwe karibu nione utakavyoanguka."

"Utaona vizuri, Haji," nikamwambia. "Kaa dirishani."

Kila baiskeli niliyokopa niliivua keria, madigadi, kengele, stendi na kava ya cheni, nikaviweka kwenye kreti, kila kimoja na skrubu zake kwenye kitambaa kilichofungwa. Gololi niliziosha kwa petroli na kuzipaka grisi mpya. Mama Nzunda alikuja kutazama, akaona baiskeli ya mumewe iko uchi, akashika kiuno.

"Diploma, umeichinja."

"Nitairudisha na manyoya yake yote, mama."

"Nitahesabu," akasema.

Sasa niwaeleze kuhusu mlima. Ukitoka Vwawa kuja Tunduma, kabla ya Mpemba, kuna mwinuko mrefu ambao wabebaji wanauita Ngoja. Unaitwa hivyo kwa sababu ya sheria yao moja ambayo haijaandikwa popote: hatuachani mlimani. Mwenye mzigo akibaki peke yake kwenye mwinuko, huyo ni wa mgambo au wa wezi. Kwa hiyo anayefika juu kwanza anashuka, anaegemeza baiskeli, anasubiri mpaka wa mwisho afike. Asiyesubiri hapati tena mtu wa kusafiri naye. Nimeona mtu aliyekosa msafara kwa kosa hilo akahamia Sumbawanga.

Mimi nilijua sheria hiyo. Sikujua ilikuwa imeingia ndani kiasi gani.

Mbio zetu za kwanza kubwa zilianzia Mlowo na kuishia Tunduma. Zilikuja timu za Mbeya mjini, Iringa, na Wasukuma kutoka Shinyanga wakiongozwa na Masunga, bingwa ambaye picha yake ilikuwa kwenye kalenda. Mimi nilikuwa kwenye pikapu nyuma ya kundi. Vijana wangu walijificha vizuri njia nzima, Wasukuma wakapigwa na upepo. Chini ya Ngoja, Siame akachoropoka. Alipanda mlima ule kama anashuka. Masunga alibaki nyuma akitikisa kichwa. Dereva wa Haji alipiga honi, mimi nikawa nimeshatoa nusu ya mwili nje ya dirisha.

Siame akafika juu peke yake, kundi liko mbali. Akapunguza mwendo. Akaweka mguu chini. Akaegemeza baiskeli kwenye nguzo ya simu, akageuka kututazama.

Akasubiri.

Masunga alipita. Wasukuma wote wakapita. Watu wa Iringa wakapita, mmoja wao akamsalimia. Tulipofika juu niliruka kutoka kwenye pikapu kabla haijasimama.

"Siame, unafanya nini?"

"Sichone bado yuko chini, Mwalimu."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Aliyasikiliza yote, macho yake yakiwa bado mlimani. Sichone alipofika, wakapanda wakaondoka pamoja, wakamaliza karibu na mkia.

Tunduma nzima ilicheka. Haji alicheka mpaka akavua kofia kujipepea. Mimi nilikasirika kwa miaka. Nawaambia ukweli, nililala na hasira hiyo na kuamka nayo. Nilifanya kila kitu. Niliwapeleka Ngoja kila Jumamosi na kuwaamuru wapite bila kusimama, wakapita. Siku ya mashindano, Siame akifika juu, mguu unashuka wenyewe. Mara ya pili aliweka mguu chini akauondoa, lakini kundi lilikuwa limeshafika. Mara ya tatu aliniambia, "Mwalimu, nilijaribu. Mgongo ulikuwa baridi, hakuna mtu nyuma."

Baada ya hiyo mara ya tatu tulikuwa sokoni Vwawa tukila mihogo ya kuchoma, Masunga akaja kukaa mezani kwetu. Alikuwa mtu wa maneno, tena ya asali.

"Mwalimu," akasema, "nyie watu wa Tunduma tunawapenda. Kwetu mgeni husubiriwa kwa kuku. Nyie mnamsubiri kwa baiskeli."

Sichone akacheka. Siame akaendelea kumenya muhogo.

"Siku hizi hata hatuwafukuzi," Masunga akaendelea. "Vijana wangu wakiona shati lenu la njano linapanda, nawaambia tulieni, msiharibu miguu. Wa Tunduma husubiriana mlimani. Tutamkuta."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumtukana, nikaufunga. Lile neno lilinikaa kichwani mpaka nyumbani. Hawatufukuzi. Bingwa wa nchi amewafundisha watu wake wasimfukuze mtu mwenye shati la njano. Amejenga ukuta halafu akaacha mlango wazi, na anauita mlango huo ukuta. Nilichohitaji ni mtu mmoja tu mwenye shati la njano ambaye hasubiri.

Kwa wabebaji hakuwepo. Nilimpata Mbebe, kijiji cha milimani.

Nilikuwa nimepanda huko Ileje kutengeneza mashine ya kusaga iliyowashinda mafundi wawili wasio na vyeti. Nikiwa pale nikasikia akina mama wanamlalamikia kijana mmoja, Ambakisye, mtoto wa Mzee Kibona, mzee wa kanisa. Anashusha viazi kwa baiskeli na kurudi mtupu milimani, na hamsubiri mtu. "Mkianza naye safari," mama mmoja alisema, "mtamwona tena kwenu." Nilimaliza mashine haraka nikaenda kusimama njiani. Akapita. Mlima wa Mbebe si mlima wa lami, ni mawe na utelezi, lakini yeye alikuwa amekaa kitini, mabega yametulia, anapumua kwa pua. Hakunisalimia. Nikajua huyu ndiye.

Mzee Kibona nilimkuta anapukuchua mahindi barazani. Nilimwamkia, nikakaa, nikaeleza shida yangu. Alimaliza kwanza hindi alilokuwa nalo mkononi.

"Huyu ndiye mikono yangu," alisema. "Mahindi yanakaribia. Siwezi kukupa. Naweza kukukopesha."

"Unikopeshe mtu?" nikacheka.

"Usicheke, fundi. Kitu kilichokopwa kinarudi kama kilivyotoka. Umrudishe kabla sijavuna. Na umrudishe bila doa. Sisi hapa hatuna kitu kingine, tuna jina tu."

Tulipeana mikono. Katika mikopo yangu yote, huo ndio ulionikosesha usingizi.

Siku moja kabla ya mbio niliwaweka yadini kwa Haji, mchana, nikachora barabara chini kwa ncha ya spana. Zawadi ya mwaka ule haikuwa kikombe. Timu ya mshindi ingepewa baiskeli tano mpya za mashindano. Wote walijua maana yake: tukishinda, vya watu vinarudi kwa wenyewe, tukishindwa, vya watu vinarudi vilevile, maana wenyewe walikuwa wamechoka kukopesha, na timu inakufa.

"Mwalimu," Siame akasema, "unataka huyu Mndali wa Ileje atuache mlimani?"

"Nataka awaache."

"Na sisi?"

"Nyie mtatangulia mbele ya kundi. Upepo utatoka kushoto. Pangeni mshazari, mjaze barabara yenu, mwendo wa kwenda msibani. Na muwe na sura ya watu wanaosubiriwa."

"Hiyo sura tunayo tangu kuzaliwa," Sichone akasema.

Siame hakucheka. "Watu watasema Tunduma tumeachana mlimani."

Ambakisye, ambaye alikuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi, akasema, "Mimi si wa Tunduma."

Siame akaitikia kwa kichwa. Sheria haikuvunjwa. Kijana hakuwa mbebaji, hakuwa amemwahidi mtu kitu. Wasukuma tu ndio hawakujua, kwa sababu fundi cherehani wangu alikuwa amemshonea shati la njano kama la wengine. Nilimfundisha jambo moja zaidi. Nikamwambia: ukifika juu, punguza mwendo, geuka, watazame. Kama Siame. Halafu zama upande wa pili, usigeuke tena mpaka umwone Haji kwenye mstari wa kumalizia.

Ilikwenda hivyohivyo. Chini ya Ngoja, Ambakisye akatoka. Mtu mmoja wa Iringa akataka kumfuata, nikamsikia Masunga kwa masikio yangu akisema, "Muache huyo, atasubiri." Shati la njano likapanda, likapanda, likafika juu, likakaribia kabisa kusimama. Kijana akageuka akatutazama. Kundi lote likatulia. Wengine wakanywa maji. Hata pikipiki ya kamati, ambayo kazi yake ni kumfuata anayeongoza, ilibaki na kundi, kwa sababu na yenyewe iliamini atasubiri.

Tulipofika juu, kando ya nguzo ya simu hapakuwa na mtu. Barabara ilishuka mpaka Mpemba ikiwa tupu, malori yote yamezuiwa na askari, na mbali kule kulikuwa na nukta moja ya njano ikitokomea.

Masunga alielewa kabla ya wengine. Alitoka kama risasi, na Siame, kama nilivyomfundisha, akakaa mgongoni mwake bila kumpasulia upepo hata pumzi moja. Wakawaacha wengine. Na hapo, kwenye mteremko, cheni ya Masunga ikachomoka ikanasa kati ya friwili na fremu. Nilifurahi. Siogopi kuandika kwamba nilifurahi. Nikatazama Siame apite.

Siame akasimama.

Nilipiga kelele mpaka dereva akafunga kioo. Siame alitoa spana yake ya mfukoni, akalegeza gurudumu, akanasua cheni, akakaza. Masunga akamtazama kama mtu anayetazama mwendawazimu. Wakaondoka tena, Masunga mbele akichanika na upepo, Siame nyuma amejificha.

Tunduma, waliniambia baadaye, Ambakisye alipoingia peke yake hakuna aliyepiga makofi. Walidhani ni kijana wa mzigo aliyepotea njia. Mwenye bendera alimwambia, "We kijana, toka barabarani, mbio zinakuja." Ambakisye akampita akavuka mstari, akashuka, akamuuliza Haji Mrisho maji yako wapi.

Nilipofika nilikuta katibu wa kamati, mtu wa mjini, amempokonya baiskeli. Alikuwa na kipaza sauti na tumbo.

"Huyu ameshika lori," alisema. "Mwanya ule hauwezekani kwa miguu. Tunawajua hawa wa mpakani, hupanda milima kwa kushika matela."

"Malori yamesimamishwa tangu asubuhi," nikamwambia.

"Moja linaweza kupita."

"Tazama viganja vyake. Anayeshika tela hutoka na grisi na kutu."

"Viganja huoshwa."

Hapo niliogopa. Si kwa ajili ya baiskeli tano. Nilimtazama Ambakisye. Alikuwa amesimama na chupa ya maji asiyoinywa, watu wamemzunguka, mtu mmoja nyuma anaita mwizi. Hakuelewa kipaza sauti, hakuelewa kamati. Neno mwizi alilielewa. Akaniambia taratibu, "Baba atasikia hili."

Nilikwenda kwa Masunga. Alikuwa amekaa chini kwenye kivuli cha kituo cha mafuta, kocha wake amemshika bega. Dai la lori likikubalika, mshindi ni yeye.

"Masunga, wewe ulikuwa wa kwanza kufika juu baada yake. Uliona barabara. Sema."

Kocha wake akasema, "Mchezaji wangu anapumzika."

"Mwalimu," Masunga akasema bila kuinua macho, "unataka nisimame mbele ya watu wote hawa, niseme nimedanganywa na mchuuzi wa viazi?"

"Nataka useme ulichokiona."

Mimi nilikuwa na mengi ya kumwambia, yenye ncha, lakini Siame akafika anasukuma baiskeli, amemaliza wa tatu, mikono imejaa grisi ya cheni ya mtu. Alichuchumaa kando ya bomba akaanza kunawa. Masunga akaitazama ile mikono mpaka ikatakata. Kisha akauondoa mkono wa kocha begani, akainuka, akamwendea katibu na kuchukua kipaza sauti bila kuomba.

"Hakushika lori," alisema. "Tulipofika juu barabara ilikuwa tupu, kuna shati tu. Mwanya tulimpa sisi. Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu wamuache."

"Kwa nini?" katibu akauliza.

"Aligeuka akatutazama. Nikajua anasubiri. Wa Tunduma husubiri."

Watu wakaangua kicheko. Masunga hakucheka. Akamrudishia katibu kipaza sauti, akapita mbele ya Siame, akasema, "Nyie mna ugonjwa," akaenda zake.

Sitasema nilikosea kupigana na ile sheria yao miaka yote. Nitasema tu kwamba mtu aliyeachwa peke yake kwenye mteremko asingeinuka pale kwenye kituo cha mafuta.

Na katibu? Alipolazimika kutangaza, alitangaza hivi: "Mshindi wa leo, kwa bahati, ni kijana kutoka Ileje." Kwa bahati. Redio ikalibeba neno hilo mpaka Dar es Salaam. Nilijenga mtego kwa miaka, nikatafuta mtu kwenye mawe ya Mbebe, nikasoma upepo, nikashona shati. Bahati gani inashonwa na cherehani? Ndiyo maana nawaambia, siku mtakayoona mshindi msiyemjua, msiseme ameanguka kutoka juu. Ulizeni nani hakufukuzwa, na kwa nini. Nimetoa washindi wengine wa namna hiyo baadaye, na kila mara redio imeshangaa upya.

Nirudi kwenye deni, nimalize.

Baiskeli mpya zilipofika, nilifungua kreti. Nilifunga keria, madigadi, kengele na stendi, kila skrubu kwenye tundu lake. Tukaenda Isansa, baiskeli nzito zikiwa kwenye pikapu ya Haji. Mama Nzunda akaizunguka ya mumewe, akaishika kengele, akaipiga.

"Kengele haijachakaa," akasema.

"Hatukuwa na wa kumpigia, mama. Tulikuwa mbele."

Alinitazama kuona kama najisifu. Ndiyo, nilikuwa najisifu. Akanipa ndizi.

Pikapu niliirudisha imeoshwa, tangi limejaa. Haji akaingiza kichwa ndani, akanusa, akasema, "Nilikukopesha nione unaanguka."

"Pole, Haji."

"Inshallah mwakani," akasema, na akanipa mkono.

Likabaki la Mbebe, nalo lilikuwa limechelewa. Kamati ilikuwa imesogeza mbele siku ya mbio, na mahindi ya Mzee Kibona yalikuwa yamekauka shambani bila mikono ya kuyavuna. Niliwachukua wote, Siame, Sichone, wenzao, na Ambakisye mbele, tukapanda huko kwa baiskeli mpya. Mzee tulimkuta peke yake shambani bondeni, na mahindi bado ni msitu. Alitazama mwanawe kuanzia miguu.

"Redio imesema ni bahati," aliniambia.

"Si bahati, mzee."

"Najua. Huyu hata kanisani hajawahi kumsubiri mtu." Akavunja hindi. "Na lile neno lingine, la lori?"

"Limefutwa. Mbele ya watu, na aliyeshindwa ndiye aliyelifuta."

Aliinama akachukua gunia tupu akanirushia. Tukavuna mpaka jua likaanza kuinama, kisha tukaanza kupandisha magunia nyumbani, mlima mkali, kila mtu na lake begani. Mimi na stashahada yangu nilichukua la ukubwa uleule kama wao. Vijana wakanipita mmoja mmoja, Ambakisye wa kwanza, bila kugeuka, kama kawaida yake. Nusu ya njia nilisimama. Nikashusha gunia, nikapumua, nikalipandisha tena, nikipanga matusi ya kuwatolea.

Nilipoinua macho walikuwa wote juu, wamekaa ukingoni, magunia yameegemea miguu yao. Ambakisye alikuwa katikati, kando ya Siame, na hakuwa ameingia nyumbani. Mzee Kibona alikuwa amesimama nyuma yao.

Niliwapigia kelele waache ujinga, watembee, jua linazama. Hakuna aliyenyanyuka mpaka nilipofika.